Jina Lako Haliko kwa Kitabu

Miaka mitatu iliyopita brathe wangu alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya mjengo fulani hapa Nairobi. Alikuwa mtu wa mkono. Alikuwa amebeba karai la zege, ubao aliokanyaga ukakatika, akashuka nao. Nyonga ikavunjika, mkono wa kushoto pia. Wenzake walimlaza nyuma ya pikapu ya simiti wakamkimbiza hospitali.

Kesho yake mathe akaenda kwa mjengo kuuliza nani atalipa. Fomeni hakuwa mtu mbaya, mathe mwenyewe alisema hivyo. Alimpa kiti, akafungua kitabu cha mahudhurio, akamwonyesha. "Mama, pole sana. Lakini angalia mwenyewe. Jina lake haliko kwa kitabu."

Na kweli halikuwepo. Brathe alikuwa amefanya kazi hapo miezi minne, kila siku isipokuwa Jumapili. Lakini kitabu hakikuandika majina ya watu wa mkono, kiliandika idadi tu. Jumanne, siku aliyoanguka: watu wa mkono 14. Jumatano, siku mathe alienda kuuliza: watu wa mkono 14.

Yaani nafasi yake ilikuwa imejazwa kabla hajatoka wodini.

Bima yake ilikuwa imekaa miezi sita bila kulipiwa. Kwa hivyo pesa zilizokuwa zimetengwa za semesta yangu ndizo zilinunua vyuma vya nyonga. Nikaacha chuo mwaka wa pili. Sisemi hivi ndio unihurumie, niko sawa. Nasema juu hiyo namba 14 haijawahi kunitoka kichwani, na nilipoanza kusoma historia bila mtu wa kunipa mtihani, niligundua ni namba ya kitambo sana. Imezunguka hii nchi zaidi ya miaka mia.

Wacha tuanze na neno lenyewe. Kibarua.

Sisi tunalitumia kila siku. "Niko kibarua." "Kibarua kimeota nyasi." Lakini liangalie vizuri: barua, halafu ki- ya udogo. Ni barua ndogo, kikaratasi. Kwa Pwani, karne ya 19, kulikuwa na watu waliokodishwa kwa siku kubeba mizigo na kufanya kazi za mji. Wengi wao walikuwa watumwa. Mtu alipewa kikaratasi kuonyesha amefanya kazi, halafu akakirudisha kulipwa, na sehemu ya hayo malipo ilikuwa ya bwana wake. Polepole jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe.

Sasa fikiria huo mpango unavyofanya kazi kwa upande wa afya. Aliyekukodi anakujua kuanzia asubuhi hadi jioni. Ukiugua usiku, si shida yake. Kesho anatoa kikaratasi kingine kwa mtu mwingine mwenye mgongo mzima. Anapata nguvu zako, gharama ya mwili wako inabaki kwako. Utumwa ulifutwa kisheria Pwani ya Kenya mwaka 1907. Neno likabaki. Na hesabu ya nani analipa mwili ukivunjika ikabaki pia.

Twende kwa reli. Hii kila mtu anadhani anaijua, juu ya simba wa Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja, watu wakaliwa, filamu zikatengenezwa. John Henry Patterson, injinia aliyewaua hao simba, aliandika kwamba Wahindi 28 waliliwa. Halafu kwenye sentensi hiyo hiyo akataja Waafrika wengi pia, ambao hesabu yao rasmi haikuwekwa.

Soma tena hapo. Simba ni wale wale, kambi ni ile ile. Kuna maiti zilizo na namba na kuna maiti zisizo na namba.

Wahindi walihesabiwa kwa nini? Hakuna aliyekuwa akiwapenda zaidi. Walikuja na mkataba. Karatasi iliyosema miaka mingapi, mshahara gani, posho, matibabu, na nauli ya kurudi kwao. Ukiwa umesaini kwamba utamrudisha mtu nyumbani, ni lazima ujue yuko wapi. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kwamba kati ya wafanyakazi 31,983 walioletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901, walikufa 2,493, na wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au wamevunjika. Piga hesabu: karibu 8 kwa kila 100 walikufa, na mmoja kati ya watano akarudi akiwa hafai tena kwa kazi. Wengi hawakuguswa na simba yeyote. Waliuawa na malaria, kuhara damu na vidonda. Simba walipata filamu, malaria haikupata hata bango.

Kwa hivyo mkataba haukuwazuia kufa, hilo tukubali. Lakini uliwafanya waonekane. Kuna mtu mahali alilazimika kuandika.

Sasa njoo mtaani. Umewahi kununua viatu ama nyama choma Kariakor? Hilo jina ni Kiingereza kilichopita kwa mdomo wetu. Ni Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam wako na Kariakoo yao, asili ni hiyo hiyo. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki, na kwa sababu magari hayakupita na wanyama wa kubeba walikufa kwa ndorobo, vita ilibebwa kwa vichwa vya watu. Risasi, unga, mahema, majeruhi. Mwanzoni wengine walishawishiwa, lakini kufikia 1917 vijana walikuwa wanakusanywa kwa nguvu, wilaya baada ya wilaya.

Hesabu za serikali ya kikoloni zenyewe zilikubali kwamba wachukuzi zaidi ya 40,000 kutoka upande wetu walikufa. Wanahistoria wanaamini walikuwa wengi zaidi. Na hawakufa kwa risasi sana. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Walipewa unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri, wengine wakitoka kwa jamii ambazo chakula chao hakikuwa hicho. Walitembea kwa mvua, wakalala kwa baridi, bila viatu, bila blanketi za kutosha. Wachukuzi walikufa wengi kuliko askari waliowabebea risasi. Vita ilikuwa moja na njia ilikuwa moja, lakini kazi tofauti ilileta kifo tofauti. Ukitaka mtu akueleze vile kazi inaamua nani ataishi, usimpeleke mbali. Mpeleke Kariakor.

Na baada ya vita? Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikufika kwa familia zao, juu rekodi za kusema huyu ni wa nani hazikuwa za kutegemewa. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu za wanaume watatu, mmoja wao mchukuzi. Tafuta jina la mchukuzi hata mmoja hapo, hulipati. Mwaka 2021 kamisheni ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kuandikwa majina yao, ama hawakukumbukwa kabisa.

Watu wa mkono: 14. Kesho yake: 14.

Hapa utaniuliza, kwani shida ilikuwa kukosa karatasi? Basi wape watu karatasi mambo yaishe. Wakoloni walifanya hivyo. Inaitwa kipande. Sheria ilipitishwa 1915, vita ikaichelewesha, ikaanza kutumika kwa nguvu miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba cheti chenye alama za vidole, kabila, jina la mwajiri, mshahara wake na sahihi ya mwajiri. Kiliwekwa ndani ya kasha dogo la chuma, likaning'inizwa shingoni. Wengi walilifananisha na kengele ya mbuzi.

Lakini angalia kilichoandikwa na kisichoandikwa. Kipande kiliandika siku uliyoanza kazi ndio ukitoroka ukamatwe. Hakikuandika mwajiri anakudai wewe nini na wewe unamdai nini ukikatwa kidole na mashine. Karatasi ilimfunga mfanyakazi, ikamwacha mwajiri huru. Harry Thuku alipowakusanya watu Nairobi dhidi ya kipande, kodi na kukatwa mishahara, alikamatwa Machi 1922, na umati uliokuja kudai aachiliwe ukapigwa risasi. Watu walielewa vizuri kabisa hiyo karatasi ilikuwa ya nani.

Kwa hivyo swali halijawahi kuwa tu "umeandikwa?" Swali ni "umeandikwa ndio nini?"

Shuka nami hadi Mombasa, miaka ya 1930 na 1940. Bandarini kulikuwa na vibarua wengi wa siku. Asubuhi unaenda, meli zikiwa nyingi unapata, zikiwa chache unarudi nyumbani na njaa. Hapa lazima niwe mkweli: wengine wao waliupenda ukibarua. Ulimpa mtu uhuru wa kwenda shamba lake, kukaa nyumbani akitaka, kutopigiwa kelele na bosi mwezi mzima. Ukiongea na vijana wa boda na wa kupeleka chakula kwa programu za simu watakwambia hivyo hivyo: niko huru, najipangia. Na hawadanganyi. Uhuru upo. Lakini ni uhuru wa mtu mzima wa afya. Siku mguu unavunjika, uhuru unageuka kuwa upweke.

Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu karibu 15,000 waligoma kwa siku kumi na mbili, wa bandari, wa reli, wa hoteli, hadi wa nyumbani. Kiongozi aliyeibuka hapo, Chege Kibachia, alikuwa kijana bado. Baadaye mwaka huo akakamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Baringo kwa miaka mingi. Walichodai ni mshahara wa kuishi, na ukikaa chini ukafikiria, hilo ni dai la afya. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa umepangwa kwa mwanamume mmoja bila familia. Bibi na watoto wabaki mashambani wajilishe. Nyumba pia, chumba kimoja, choo cha pamoja, kama zile za reli pale Muthurwa. Ukimlipa mtu pesa ya kitanda kimoja na sahani moja, umeshaamua watoto wake watakula nini na watakohoa vipi.

Na usidhani ni mimi nasema juu niko na uchungu. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilisema yenyewe kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini kwa kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walilipwa chini ya kile mtu anahitaji kwa afya na maisha ya heshima. Walijua. Waliandika. Kwa maandishi safi kabisa.

Uhuru ukaja. NSSF ikaanzishwa 1965, NHIF 1966. Hatua kubwa, siwezi kuidharau, kuna wazazi wetu waliopona kwa hizo pesa. Lakini ilianza na mtu wa pesilipu, yule anayekatwa kabla hajaona mshahara. Wengine walifunguliwa mlango miaka michache baadaye, wajiandikishe wenyewe wakitaka, wakiweza. Leo zaidi ya kazi 8 kati ya 10 nchini, nje ya mashamba madogo, ziko kwa sekta isiyo rasmi. Yaani nyumba ilijengwa ikimfikiria mgeni mmoja, na sasa tumejaa uani.

Mfumo mpya wa SHA ulianza Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, hata hahisi sana. Asiye na pesilipu anapigiwa hesabu ya kipato cha nyumba yake halafu anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima mbele. Mtu anayelipwa jioni, anayenunua unga wa robo na mafuta ya kupima, anaambiwa alete ya miezi kumi na mbili. Hiyo si roho mbaya ya mtu mmoja. Ni vile mfumo umezoea kufikiria kwamba mfanyakazi ni mtu wa mwisho wa mwezi.

Labda unasema, mimi siko mjengo, mimi nitakuwa ofisini, hii hainihusu. Sawa. Kuna utafiti maarufu ulianza London mwaka 1967, wa wafanyakazi wa serikali pale Whitehall. Wanaume karibu 18,000, wote wa ofisi, wote na mshahara wa mwezi, na hospitali za umma ni zile zile kwa wote. Hakuna aliyeanguka kutoka ghorofani. Lakini wale wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara tatu zaidi ya wale wa juu kabisa. Watafiti wakatoa sigara kwa hesabu, wakatoa presha, wakatoa kolestro, na bado tofauti kubwa ikabaki. Utafiti wa pili, ulioanza 1985, ukaonyesha kitu muhimu: ukiwa huna usemi juu ya kazi yako, unaamuliwa kila kitu, moyo wako unalipia. Michael Marmot, aliyehusika sana na tafiti hizo, baadaye akaongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti mwaka 2008, ikisema wazi kwamba ajira na mazingira ya kazi ni kati ya vitu vinavyotengeneza pengo la afya kati ya watu.

Kwa hivyo ni ngazi, na kila mtu amesimama mahali juu yake. Mtu wa mkono yuko pale chini ambapo hata ngazi haijafungwa vizuri.

Sasa sheria. Hapa ndipo niliumia zaidi, juu nilijifunza nikiwa nimechelewa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku, na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Lakini kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, wewe si kibarua tena mbele ya sheria, hata kama hakuna aliyekupa barua. Brathe alikuwa amefanya minne. Kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya fidia kwa walioumia kazini, inayomtaka mwajiri awe na bima na aripoti ajali kwa ofisi ya usalama wa kazini. Muda wa kutoa habari ni mfupi. Sisi wakati huo tulikuwa tunatafuta damu.

Na hata tungejua, tungethibitisha vipi? Haki inaanza na mtu kuweza kuonyesha kwamba alikuwepo. Hapo ndipo namba 14 inafanya kazi yake. Si uzembe wa karani. Kuandika idadi bila majina ni njia ya kupokea kazi ya mtu bila kumpokea mtu. Ilifanywa na kikaratasi cha Pwani, ikafanywa Tsavo, ikafanywa kwa njia za wachukuzi, na inafanywa leo kwa daftari la kurasa 96 la shilingi chache.

Brathe anatembea sasa. Anachechemea kidogo, na baridi ya Julai ikija analala na chupa ya maji moto kwenye nyonga. Ana miaka 29. Mjengo alirudi mwaka jana, lakini si juu tena, ni karani wa stoo kwa mjengo mwingine. Wiki ya kwanza alinunua daftari lake mwenyewe. Kila asubuhi kabla watu hawajapanda anaandika: jina, namba ya simu, mtu wa kupigiwa. Nilimuuliza kama bosi alimwambia afanye hivyo. Akacheka. "Hajaniambia. Lakini pia hajanikataza."

Sijui hilo daftari litamsaidia nani kortini siku moja. Daftari moja halibadilishi nchi, na wala si kazi ya karani wa stoo kufanya kazi ya serikali. Lakini ukienda kibarua kesho, kabla ubebe karai la kwanza, uliza jina lako limeandikwa wapi. Kama haliko, piga picha ukiwa pale, weka ujumbe wa malipo ya kila jioni, usifute. Mwambie mtu mmoja nyumbani uko mjengo gani. Na kama wewe ndiye uko na peni, andika majina.

Juzi nilimwomba brathe anionyeshe daftari. Siku hiyo watu wa mkono walikuwa kumi na moja. Nilisoma majina yote, moja moja, kwa sauti. Ilinichukua chini ya nusu dakika.